Marehemu Iko ku Kabine

Télesphore: Allo? Nani uyu? Hii namba siijue.

Gentil: Jambo, Papa Télesphore. Ni mimi, Gentil.

Télesphore: Gentil gani?

Gentil: Gentil wa garaji! Fundi yako!

Télesphore: Hapa hakuna garaji. Hakuna fundi.

Gentil: Papa—

Télesphore: Na uyo Gentil unasema, pole sana, alikufaka. Tulishamuzika.

Gentil: Papa, ni mimi mwenyewe! Niko ku kabine ya simu ya Bagira, kwa ule maman mwenye kuuzisha simu chini ya parasoli. Simu yangu batri ilikufa, umeme haiko tangu siku ile masasi ya bunduki ililia mu muji.

Télesphore: Kila mutu anaweza kusema ni yeye Gentil. [rezo ya simu inakwaruza] Kama ni wewe, jibu: nilikutuma ku village ya Luberizi kutengeneza mashini ya muchele. Ulirudi bila kuimaliza. Juu ya nini?

Gentil: Papa, si lazima tuanze kuru—

Télesphore: Nakata simu.

Gentil: Juu ya mbu! Nilirudi juu ya mbu!

Télesphore: Na ulilia?

Gentil: ...Nililia kidogo.

Télesphore: [anacheka] Gentil mwanangu! Jambo sana! Bibi yako Chancelle ni muzima? Na mimba yake?

Gentil: Bote ni bazima. Chancelle iko Nyantende kwa tantine yake, dada ya baba yake, kule basoda na bunduki habapitake sana. Na Maman Georgette wako?

Télesphore: Iko hapa anatwanga majani ya sombe. Anauliza kama unakula.

Gentil: Nakula. Papa, nimepiga juu ya—

Télesphore: Ngoja kwanza. Kuna kitu nilikufanyia, utanishukuru mupaka kufa. Juma iliyopita mwanamuke alinipigia. Namba ndefu, ndefu! Na français ya ajabu, hata si ya Bazungu benye tunazoea. "Bonjour, monsieur. Unamujua Bulonza Gentil? Anatumikaka kwako? Tangu lini? Anaishi wapi?" Unasikia ile maulizo?

Gentil: [sauti ndogo] Nasikia, Papa.

Télesphore: Jina, kazi, nyumba! Na muji bado iko moto! Nikasema, madame, uyo mutu simujue.

Gentil: Yesu Maria.

Télesphore: Akasema, mais monsieur, namba yako njo yeye mwenyewe alitoa. Nikaona uyu hataachilia. Nikasema, bon, nilikuwa namujua, mais alikufa. Akauliza, alikufa na nini? Nikasema maleria.

Gentil: Maleria!

Télesphore: Mbu ya Luberizi ilinikuja mu kichwa. Nikamuambia tulikuzika Nyantende, batu balikuwa bengi, na mvua ilinyesha mupaka padri akateleza. Nililia, Gentil. Na sauti yake pia ilianza kutetemeka. Sasa hakuna mutu atakutafuta tena mu hii dunia. Sema asanti.

Gentil: [kimya]

Télesphore: Gentil? Rezo imekata?

Gentil: Papa, ule mwanamuke alipiga toka ambasade, ofisi ya balozi.

Télesphore: Ambasade ya nini?

Gentil: Ya Australie. Jana tulienda ku cyber ya internet mu muji, mimi na Chancelle. Anafungula message, anasoma kwa sauti: "Chère madame, tumesikia na huzuni kubwa kifo cha bwana yako." Akageuka akaniangalia. Mimi niko pembeni yake, nakula karanga. Akanifinya-finya ku uso kama mutu anachagua avoka ku soko.

Télesphore: Ee! Na mimba ile!

Gentil: Sasa alirudi Nyantende, anasema atanipokea nikiisha kufufuka.

Télesphore: Mais Australie inakutafutia nini wewe? Uliiba nini yabo?

Gentil: Niliomba visa, Papa. Ile ya mafundi. Kule mu ma-village yabo, mbali na miji mikubwa, mekanisien ni bachache. Moteri zinaharibika, hakuna mutu. Basi banapokea fundi na bibi yake, mais anapaswa kukaa kule kule mu village. Haina ruhusa ya kukimbilia mu muji mukubwa.

Télesphore: Kukaa wapi?

Gentil: Mu village.

Télesphore: [anacheka mupaka anakohoa] Georgette! Georgette, achaka iyo sombe, kuya usikie! Gentil anaenda kukaa mu village!

Gentil: Papa, tafazali—

Télesphore: Wewe! Wewe mwenye kwenda Nyantende unavaaka soksi mbili ku kila muguu kwa kuogopa matope! Mwenye ng'ombe ya baba mukwe yako ilikuangalia tu, ukapanda ku paa!

Gentil: Papa, cheka polepole, maman wa kabine anasikia yote.

Télesphore: Musalimie. [anapumua] Weh. Na namba yangu ulibapatia bila kuniambia.

Gentil: Nilikuwa nataka kukuambia.

Télesphore: Lini? Ukiisha kufika kule?

Gentil: Kila asubuyi, mbele garaji ifungwe, nilikuwa naingia na ile neno mu kinywa. Na wewe unaanza: "Gentil, masasi ikitulia nitaandika jina yako ku mulango, pembeni ya yangu." Ningesema na kinywa gani?

Télesphore: Rangi nilishanunua.

Gentil: Najua. Niliona bidoni.

Télesphore: Ya buluu.

Gentil: Niliona, Papa.

[rezo inakwaruza]

Télesphore: Bon. Sasa banataka nini?

Gentil: Leo banakupigia tena. Chancelle alibajibia pale pale: "Bwana yangu hakufa, iko hapa anakula karanga, ni patron yake wa kazi alikuwa anamuficha." Basi banataka kusikia kinywa yako wewe. Ukinikana tena, banafunga dosie yangu ya visa. Na mutoto wangu atazaliwa hapa, anajifunza kulala chini ya kitanda mbele ya kujifunza kutambaa.

Télesphore: Si kazi ngumu. Nitasema nakujua.

Gentil: Tujaribu. Mimi ni ule madame. "Bonjour, monsieur. Unamujua Bulonza Gentil?"

Télesphore: Hapana.

Gentil: Papa!

Télesphore: Kinywa imetangulia! Rudilia.

Gentil: "Monsieur, unamujua Bulonza Gentil?"

Télesphore: Ni nani anauliza?

Gentil: "Ni ambasade."

Télesphore: Nitajuaje? Hata basoda banaweza kumushikisha mwanamuke simu, anasoma tu yenye bamemuandikia.

Gentil: Papa, jibu!

Télesphore: Bon, bon. Nilikuwa namujua.

Gentil: "Nilikuwa"! Unaniua mara ingine!

Télesphore: Uliza ile ya kazi, pengine iyo nitaweza.

Gentil: "Anatumika kwako kazi gani?"

Télesphore: Anapitaka-pitaka tu.

Gentil: Papa!

Télesphore: Gentil, usinikaripie. Unamukumbuka Maman Cibalonza, ule wa ng'ambo ya garaji?

Gentil: Namukumbuka.

Télesphore: Basoda balimuuliza muzuri kabisa, na heshima yote. "Maman, Honoré ni bwana yako? Anatumikaka wapi?" Alibajibu na furaha, alizani banamuletea bwana yake kazi. Akabaonyesha na kidole, bakaenda kumuchukua. Mupaka leo anapikaka bugali ya batu babili.

[rezo inakwaruza, halafu inatulia]

Gentil: Njo maana nataka kwenda, Papa.

Télesphore: Najua njo maana. Unazani sijue? Endelea. Uliza.

Gentil: "Monsieur, Gentil anaweza kuishi mu village?"

Télesphore: Hapo usiniombe. Mimi sisemake uongo.

Gentil: Ulinizika na mvua na padri anateleza!

Télesphore: Ile ilikuwa ya kuponesha mutu. Hii ni ya kudanganya batu na mashini yabo. Batakupokea na mikono miwili, siku ya kwanza mbu moja inakupita ku sikio, unakimbia, na jina ya Télesphore inaharibika mu Australie muzima.

Gentil: Sitakimbia.

Télesphore: Kama vile haukukimbia Luberizi.

Gentil: Luberizi nilikuwa mujinga, na sikuwa na mutu wa kulisha. Papa, nilisoma habari ya kule. Banasema giza ikiingia, mutu anasikia kondoo tu.

Télesphore: Kondoo?

Gentil: Kondoo tu. Hakuna kitu ingine. Mimi kwa ile sauti nitabaki, hata mbu ya kule zikuwe kama kuku.

Télesphore: Kondoo tu.

Gentil: Ndiyo, Papa.

Télesphore: Ngoja. Kuna kitu inalia ndani ya sikio. Tip, tip, tip.

Gentil: Ni simu ingine inaingia! Angalia, banaandika nini?

Télesphore: Namba ndefu, ndefu.

Gentil: Ni bo! Papa, pokea! Finya kifungo ya kijani!

Télesphore: Kijani gani? Zote ni nyeusi, ni mafuta ya moteri! Ya juu ao ya chini?

Gentil: Ya juu! Ya juu, upande wa—

Télesphore: Mais kama si ambasade? Gentil, sikia. Kwenye unakaa, sitabaambia. Hata banikate kidole. Ile ingine yote nitasema.

Gentil: Sawa, Papa, finya!

Télesphore: Na toka pale ku kabine, usisimame mahali moja!

Gentil: Finya!

Télesphore: Kwaheri, mwanangu. Nafinya.

[mulio]

Télesphore: Allo? Bonjour, madame. Eeh, ni Télesphore. Nisikilize mbele ya roho yangu kugeuka. Gentil namujua. Hakufa.

Gentil: Papa—

Télesphore: Usinikate, madame! Ukinikata nitamukana tena, najijua. Alifika kwangu kijana mwembamba, hajue hata moteri inapumuliaka wapi. Leo anaweka sikio ku moteri, anakuambia ugonjwa yake mbele ya kuifungula. Ile mimi siijue. Ni yeye tu mu Bukavu yote. Sijamuambiaka, angekuwa na kiburi, na kiburi yake inatosha. Mbu anaiogopa, siwezi kukuficha. Na ng'ombe. Mais moteri ikiharibika mu mvua, bengine banaenda kujikinga, yeye anabaki chini ya gari mupaka inguruma. Kwenu atabaki. Nilikuwa nazani hatabaki, mais sasa nimesikia vile anasema habari ya kondoo. Mumuchunge, madame. Juu mimi sina Gentil ingine.

Gentil: [anavuta kamasi]

Télesphore: Madame? Sasa unalia tena juu ya nini? Nimesema hakufa!

Gentil: Papa... ni mimi bado.

Télesphore: Gentil?

Gentil: Ulifinya ya chini.

Télesphore: Haukusikia kitu.

Gentil: Sikusikia kitu, Papa.

Télesphore: Ilikuwa kujaribu tu.

Gentil: Ndiyo, Papa. Ile tip-tip bado inalia?

Télesphore: Bado. Ule mwanamuke iko na moyo.

Gentil: Basi ya juu! Ya juu, Papa!

Télesphore: Na nitamuambia nini? Maneno yote nimeimaliza kwako!

Gentil: Vile vile! Sema vile vile kama— Papa, maman wa kabine ananipungia mukono, unité za simu zinaisha—

Télesphore: Na mbu? Niseme na mbu?

Gentil: Yote! Hata mbu! Musalimie Maman Georgette! Na ile rangi usiitupe, Papa, andika jina yangu ku mulango hata kama siko p—

[simu inakata. Tip, tip, tip]

Télesphore: Ya juu. Ya juu... [mulio] Allo? Nani uyu? [anasikiliza] Eeh, madame. [anasikiliza] Namujua.