Miaka Ishirini na Tisa Mbele ya Tangi la Shangazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, mtunzaji wetu wa pweza anakabidhi funguo za chumba cha pampu na kustaafu rasmi baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Sisi wa jumba hili la samaki tunamwita Fundi. Wageni wanamwita Mzee Majibu. Ni mcheshi, mchapakazi, mtu asiyejua kuchelewa, na ni heshima kubwa kwangu mimi, karani wa ofisi, kuandika machache juu yake katika jarida letu.

Fundi hakuajiriwa kutunza pweza. Wiki ya ufunguzi aliitwa kutengeneza pampu moja, kazi ya siku tatu. Siku ya pili pweza alinyoosha mkono nje ya tangi akamnyang'anya spana, akaing'ang'ania mpaka jioni. Fundi akaapa haondoki bila spana yake, na kweli hakuondoka. Spana ilirudi, ila kufikia hapo yeye mwenyewe alikuwa ameshanasa.

Tangu siku hizo amesimama kando ya kioo akijibu maswali yaleyale kana kwamba ndiyo kwanza anaulizwa. Pweza si samaki, na hana hata mfupa mmoja. Kigumu mwilini mwake ni mdomo tu, mfano wa mdomo wa kasuku. Ndiyo, ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya bluu. Hapana, wino wake hauui mtu, ni wa kumziba adui macho ili yeye apate kukimbia. Hana bongo tisa kama watu wanavyotia chumvi. Anao mmoja, isipokuwa sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu imo mikononi. Mkono ukikatika huota mwingine. Mwanajeshi mmoja mstaafu alibishana naye saa nzima juu ya pweza wanaozamisha meli, mpaka Fundi akamwomba kwa adabu aingize mkono tangini ajionee. Mzee wa watu akakumbuka ghafla kuwa ana miadi.

Swali moja tu Fundi alikuwa akilijibu uongo, nalo ndilo linaloulizwa kuliko yote. Juu ya tangi kuna kibao: "Shangazi, mkazi wetu tangu siku ya ufunguzi." Watu waliokuja wakiwa watoto wanarudi na watoto wao, wanamwamkia shikamoo, wanauliza, "Huyu ni yuleyule?" Tumeagizwa kujibu ndiyo. Ukweli ni kwamba pweza wa aina hii haishi zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Fundi amezika ishirini na wawili, nyuma ya chumba cha pampu.

Kila mpya huletwa Jumatatu, siku tunayofunga, ndani ya pipa. Huwa mdogo, na wageni wana macho. "Mbona Shangazi kapungua hivi?" Fundi huwaeleza kwamba pweza, kwa kuwa hana mfupa, anaweza kujikunja akapita kwenye tundu dogo kabisa. Kila neno la kweli, na wote huondoka wameridhika na uongo. Ofisini tulilicheka jibu lile mpaka mbavu zikauma, na mimi nilicheka kuliko wote.

Wengi wao walikufa kwa namna moja. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hutundika mayai kama shanga kwenye paa la pango lake, anayapapasa na kuyapulizia maji mchana kutwa, wala hali tena. Baharini mayai huanguliwa, naye akafa. Kwetu Shangazi anaishi peke yake na hajawahi kukutana na dume, kwa hiyo mayai hayana kitu ndani. Anayalinda vilevile. Fundi humsogezea kaa kwa koleo, naye humsukuma nyuma kwa mkono mmoja, taratibu. Aliwahi kuniambia kwamba mkono ule unaosukuma ndio anaouota usingizini.

Mwaka wa pili wa kazi yake alikuja mama mmoja mshonaji na binti yake wa miaka saba. Wakawa wanarudi kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya binti. Alipotimiza kumi na tisa, binti alikuja peke yake. Mama alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma. Aliweka kiganja kwenye kioo akauliza kama Shangazi anamkumbuka mama yake. Pweza aliyekuwemo alikuwa na miezi minne tu tangu aletwe. Fundi akamjibu kwamba anamkumbuka sana. Uongo ule hakuagizwa na mtu, ulimtoka kwa huruma, na baada ya hapo ikambidi aurudie kila mwaka.

Binti yule sasa ni muuguzi. Mwezi uliopita alimleta mwanawe wa kike wa miaka sita, akamwonyesha tangi: "Huyu alimjua bibi yako." Kisha akatazama vizuri. Ngozi ilikuwa imepauka, na kaa mzima alikuwa akitembea mbele ya Shangazi bila kuguswa. Muuguzi akaja moja kwa moja ofisini kwangu. "Mnamuua kwa njaa! Miaka yote hii, leo mnamuua kwa njaa!"

Fundi aliitwa. Angeweza kusingizia uzee, yakaisha. Badala yake alimketisha kwenye kiti changu akamweleza yote, hata idadi. Muuguzi hakulia. Aliuliza tu mama yake, mara ya kwanza, alimwona wa ngapi. Wa pili, Fundi akasema. Na yeye, siku ile ya msiba, alizungumza na nani? Na wa kumi na moja. Akamshika mwanawe mkono wakaondoka.

Siku ya tatu Fundi akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na tisa, kwa kosa la kumpa mgeni taarifa zisizoidhinishwa. Barua ile niliichapa mimi. Niliipanga ikapendeza, nikagonga muhuri, nikampelekea. Aliisoma amevaa viatu vyake vya mpira, akasaini, akaniomba radhi kwa kuilowesha karatasi. Sijapata kujidharau kama siku ile.

Jumatatu ya wiki hii muuguzi aligonga mlango wa nyuma, yeye na mwanawe. Alisema amezoea kukaa na wanaokufa, na huyu hana ndugu. Walikaa naye siku tatu, kila muuguzi alipotoka zamu. Mtoto aliuliza mayai yataanguliwa lini. Fundi akamwambia hayataanguliwa. "Yeye anajua?" Mzee Majibu akasema hilo yeye halijui.

Shangazi alikufa Jumatano kabla ya saa sita mchana, mkono mmoja ukiwa bado juu ya mayai. Tulimzika watu wanne. Tangi sasa limefunikwa kitambaa, na maandishi juu yake yanasema Shangazi anapumzika. Pale kaburini mtoto alitaka kujua mwingine atakuja lini, na ataitwa nani. Fundi akanyoosha kidole kwangu. "Muulize karani. Yeye ndiye atakayesimama pale."

Ni kweli. Gari linaleta pipa Jumatatu, mimi naanza Jumanne. Nimeshapewa karatasi ya majibu, na jibu la mwisho ni ndiyo.

Meneja wetu husoma aya ya kwanza na ya mwisho ya jarida hili. Nimelichapa miaka kumi na mmoja, namjua. Ndiyo maana haya nimeyaweka katikati, ujasiri wangu umeishia hapa. Aya inayofuata ameiandika mwenyewe. Mimi nimeichapa tu, kama nilivyoichapa ile barua.

Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, tunakushukuru, Fundi, kwa utumishi uliotukuka na kwa tabasamu lako mbele ya wageni wetu. Nenda ukapumzike na familia yako. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za furaha. Milango yetu iko wazi kwako wakati wowote. Shangazi, mwenzako wa miaka yote ishirini na tisa, yu buheri wa afya, na anakusalimu.