Mama Randa na Shule Waliyoiita Danguro
Ndugu waombolezaji, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee historia ya dada yetu, na kaka yetu mkubwa, aliyekaa pale mstari wa mbele, amenisihi tangu asubuhi nisome kwa kifupi na nisichokonoe mambo, basi kwa kifupi nitasoma, hilo la pili limenishinda.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Randa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, hapa hapa nyumbani, katika chumba cha nyuma kinachotazama karakana ya baba yetu, fundi seremala, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitambaa juu ya maranda kabla hajauona mkeka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akafaulu kuingia sekondari mwaka 1973, na mwaka uliofuata akafukuzwa kwa sababu ya mimba, huku mwalimu aliyempa mimba hiyo akihamishwa tu, na baadaye akapandishwa cheo. Aliporudi, kaka alitaka afungiwe ndani asitutie aibu, lakini baba alimwekea randa mkononi, akasema, "Mjukuu wangu atakula nini, aibu? Njoo kazini."

Mwaka 1979 aliajiriwa katika karakana ya samani mjini, na mwaka 1982 akafunga ndoa na dereva wa lori, shemeji yetu mcheshi, wakajaliwa watoto wawili wa kiume, wakawalea pamoja na yule binti wa kwanza bila kumbagua. Shemeji alifariki kwa ajali mwaka 1993, dada akarudi nyumbani, na baba, alipoona siku zake zinakwisha, alituita sote, kaka akiwemo, akamkabidhi dada karakana na kiwanja chake, na hakuna aliyefungua mdomo kupinga. Midomo ilifunguka baba alipokwisha kuzikwa.

Januari 1997 alifungua shule ya ufundi, ya useremala, ushonaji na uashi, akapokea vijana ambao ninyi hamkuwataka, wasichana wenye watoto mgongoni, wavulana waliotoka jela, yatima waliokuwa wakilala sokoni. Vichanga walilazwa kwenye pembe ya chumba cha cherehani, na mama zao walikata vitambaa huku wakiwatikisa watoto kwa mguu. Ninyi mkaiita danguro. Mkawafukuza wanafunzi wake kisimani, wakachota maji mtoni, na mkipata mlango uliovunjika mlikuja kwa adabu zote, "Mama Randa, huna kijana wa kunitengenezea?"

Mwaka 2004 kaka, akiwa mwenyekiti wa kijiji, alikuja na wanaume wenye nyundo kuezua paa, akidai kiwanja ni cha watoto wa kiume. Dada alikuwa juu ya ngazi, mjukuu wake mgongoni, akipigilia bati.

"Shuka," kaka akamwambia.

"Panda wewe," dada akajibu, "na ukipanda uje na misumari, hii imeniishia."

Wale wanaume walicheka, mmoja akaweka nyundo chini, wengine wakafuata, na kaka akarudi nyumbani peke yake. Hajamsamehe mpaka leo.

Vumbi la mbao lilianza kumbana kifua mwaka 2019, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali, na katika muda wote huo kaka alimtembelea mara moja, nami nilikuwepo.

"Nimekuja tuongee habari ya kiwanja," alisema.

"Kaka, hata pole hukuniletea?" dada alimuuliza. "Basi ningoje kidogo nife, uongee na wanangu."

Alifariki Jumanne iliyopita alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono. Juzi wanafunzi walileta jeneza hili mnaloliona, walilolitengeneza wenyewe, kaka akalirudisha getini, akisema dada yake hazikwi kwenye sanduku la wahuni, na binti wa marehemu akatoka, bila kumsalimia mjomba wake, akashika upande mmoja, wanafunzi upande wa pili, wakaliingiza ndani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomsikiliza hata alipovikosoa vitanda vyao, tunawashukuru walimu wenzake, na majirani wa nyumba mbili, mnajijua. Wengine mmekula, mmekaa kivulini, inatosha.

Kaka, umeshawaambia watu kwamba tukitoka makaburini unaweka kufuli. Shule inafunguliwa Jumatatu, binti yake ndiye mkuu wa shule, wanafunzi watakuwa ndani, nami nitakuwa mlangoni. Njoo mchana, watu wakuone.

Pumzika, dada yangu. Amani yote chukua wewe, sisi huku bado hatuihitaji.