Mshono wa Madiba ya Tata Kazadi

Sogeeni karibu, wanangu, maana kabla ya kuombewa nataka kutubu mbele yenu. Ile nguo ya madiba ambayo Tata Kazadi, baba wa baba yenu, alinifumia kwa nyuzi za rafia nilipoolewa, niliikata kwa mkasi nikaitandika mlangoni, watu wapanguse miguu. Nilitaka kuingia kanisani na kitenge cha wax kama wamama wengine wa mtaa wa Manika. Hii ya rafia ya kwao Kasai ilinikwaruza na kunuka moshi, nikaona haya.

Mkwe wangu akarudi kutoka mgodini, akaiona, akairuka. Nikamwambia, "Tata, mupanguse miguu." Akajibu, "Yangu iko safi, mama," akaingia, akala ugali wangu wa bukari, hata akasifu mboga ya sombe.

Asubuhi aliviokota vile vipande, akaviosha, akakaa uani karibu na kitanda chake cha kufumia, akaviunga kwa sindano. Mimi nalia, yeye anacheka: "Unalia nini, mama? Jani ya rafia iko mufupi. Madiba yote ni bipande bya kuunga, we umeniongezea tu kazi!" Hakulitaja tena jambo hilo mpaka Bwana alipomwita. Kanyinda, ni ndani ya nguo hiyo nilikubeba kwenda kubatizwa, na Chancelle vilevile. Namshukuru Mungu kwa kunipa mkwe wa namna ile, mimi nisiyestahili. Lakini kila nilipoivaa niliugeuzia mshono nyuma, nikaufunika na kitambaa kingine.

Nyumba hii ya Dilala ni yenu wote wawili. Kanyinda, najua wachimbaji wanakunong'oneza kwamba kuna kobalti chini ya saluni, chumba hiki cha wageni; usitoboe sakafu anayolalia dada yako. Kitanda cha kufumia ni cha Chancelle. Ni kazi ya wanaume, ndiyo, lakini babu yenu mwenyewe ndiye aliyemkalisha pale.

Na lile gauni jeupe la kunizikia mlilonifichia kabatini, nimeliona. Asanteni, ni zuri. Lirudisheni dukani. Wakubwa wako wa kazini watakuja matanga, Kanyinda. Usione haya kama nilivyoona mimi.

Nipe maji, Chancelle... kidogo tu. Mungu aliyenivumilia awavumilie, awape watu wa kuwaunga mnapokatika...

Nivalisheni madiba. Mshono... uwekeni mbele. Watu wauone.