Sidiria ya Marehemu

Mama Nathaniel, mjane wa Nyegezi, alikuwa akisali rozari kimoyomoyo ndani ya kivuko cha kutoka Kamanga, aliposikia wanawake wawili waliofahamiana palepale wakishindania chanzo cha saratani ya matiti. Wote wawili walikuwa nayo. Rozari ikasimama, Mungu angemsamehe.

"Yangu imetoka kwenye sidiria ya mtumba," alisema Ajwang, muuza dagaa. "Tangu biashara ya mitumba iruhusiwe tunavaa nguo za Wazungu waliokufa. Marehemu yule alikuwa na titi bovu, akaniachia urithi."

"Dada, marehemu wa Ulaya akujulie wapi wewe?" alicheka Kashindye. "Mimi mwanangu alilikataa titi hili, maziwa yakagandia ndani. Ndiyo maana leo nakwenda kukatwa."

"Hata mimi leo ndiyo siku yangu ya kulazwa, ila siendi. Sidiria nimekwisha kuichoma."

Mama Nathaniel alivuta kanga kifuani. Sidiria yake pia ilikuwa ya mtumba, na ilimkaa vizuri.

"Ulipoichoma, uvimbe ulipungua?" aliuliza Kashindye.

"Na mwanao akikubali kunyonya leo, wako utayeyuka?"

"Atanyonyaje? Ana ndevu, ni askari Tabora."

Wakacheka mpaka kivuko kikagusa gati. Hapo Kashindye akajitwika kikapu cha dagaa cha mwenzake na kuanza kushuka.

"Ukikitaka, nifuate wodini."

"Mwizi huyo," alisema Ajwang, lakini kwa sauti ambayo hata Mama Nathaniel, aliyesimama ubavuni pake, aliisikia kwa shida.