Viatu Vilivyomtosha Kenny

Kijiwe chetu kipo Biryogo, benchi moja tu mbele ya birika la kahawa la Swafiya, na Novemba hii ya mwaka tisini na nne, miezi minne tangu vita viishe, kila anayekaa hapo ana dawa ya ugonjwa wa mwenzake. Mimi ni fundi cherehani. Nashona huku nasikiliza, na mara nyingi nakasirika. Leo mgonjwa ni Kenny, kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa Benon. Walihamia hapa Agosti kutoka Mbarara. Tangu hapo mtoto hacheki, hali, anakunywa kanyanga, ile gongo ya mpakani, mpaka anadondoka. Jana kazimia, nusura afe. Benon kaja macho mekundu, anataka ushauri. Masikini, kaja kuutafuta kwetu!

— Ni maji, akasema Docteur, ambaye udaktari wake ni kuuza vidonge vya malaria sokoni. Maji ya Uganda iko mazito. Ya hapa mepesi, yanapanda kichwani.

— Maji gani, nikamwambia, na mtoto anakunywa kanyanga?

— Ndiyo hapo! Haba na haba hujaza kibaba.

Waziri akakohoa. Huyu aliwahi kufungua geti la wizara pale Kacyiru, basi.

— Ni vilima, mes amis, rafiki zangu. Kule kilima kinakuja kimoja kimoja. Hapa vyote kwa pamoja. Akili inachoka.

— Muozeshe, akasema Docteur. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe mke.

— Yewe! akaruka Waziri. Iko miaka kumi na sita!

— Basi mpe jembe.

Hata Swafiya alicheka. Benon hakucheka.

— Mwanangu anakufa, nyinyi mnacheka! Nimekosa wapi mimi? Miaka yote ugenini tulimwimbia nyumbani, nyumbani. Tumefika. Kule walilala watano chumba kimoja, hapa nimempa chumba chake. Kitanda tulikikuta kimetandikwa. Hakitaki, analala kwenye korido! Viatu tulivikuta chini ya kitanda, vinamtosha sawasawa. Hataki, anatembea peku! Anasema asipolewa hapati usingizi.

— Kiburi, akasema Docteur.

— Kudeka, akasema Waziri. Machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni.

— Ndiyo maana hana nafasi ya chakula, nikasema, nikakata uzi kwa meno.

Pembeni alisimama Donatille, mama wa mtaa huu tangu zamani, ila benchini kwetu hajawahi kukaa. Alikuja kununua kahawa tu.

— Samahani, Baba Kenny. Hivyo viatu ni vya nani?

Waziri, mwenye jibu la kila kitu, akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimeshafungwa. Docteur akaanza kupanga vidonge vyake. Mimi nyumba ile naijua. Kaptura ya shule ya mtoto aliyekuwa pale kabla ya vita niliishona kwa mikono hii. Nami nikainamia cherehani. Swafiya akazunguka na birika, bado limejaa, hakuna aliyesogeza kikombe.

— Hata Kenny aliniuliza hivyo hivyo, akasema Benon. Siku ile ile tuliyofika.

— Ukamjibu nini?

— Nilimwambia avae.