Neno la Siri Chini ya Rafu ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, kabla maneno hayajawa mengi, hili liingie kwenye kumbukumbu: Mzee Penseli, fundi seremala tuliyemzika Jumamosi, alifundishwa na mimi kuwasilisha ritani ya kodi mtandaoni. Mimi mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Kando yangu studio ameketi mjane wake. Ananiangalia tu. Tuendelee.

Aliitwa Penseli kwa sababu penseli haikutoka sikioni mwake. Mjane anasema alilala nayo. Miaka arobaini alifanya kazi kwenye karakana ya mabati, nyuma ya duka la fotokopi, na karatasi hakuwa na habari nayo. Kipimo cha mlango, namba ya mteja, siku ya kuzaliwa ya mkewe, vyote aliviandika kwenye ubao wowote uliokuwa mbele yake.

Miaka sita iliyopita, shule ya msingi ya jirani ilitangaza zabuni ya madawati mia mbili. Barua ilisema wazi: fundi alete risiti ya ritani ya kodi ya mapato, iliyowasilishwa mtandaoni. Bila risiti, asijisumbue. Na karakana ilikuwa haina kazi. Mzee alikuwa ameshaanza kuitafutia mnunuzi mashine yake ya randa. Narudia, wasikilizaji: bila ritani, hakuna madawati, bila madawati, hakuna karakana.

Siku ya mwisho ya zabuni akanifuata nyumbani asubuhi, maana mtaani nilijulikana kama mtaalamu wa kompyuta. Sifa hiyo niliieneza mwenyewe. Akasema mfumo unataka neno la siri, naye amelisahau. Alipewa na ofisi ya kodi alipojiandikisha, herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Tukaketi pale duka la fotokopi, nikakisia. Nikakosa. Nikakisia tena. Mfumo ule unasamehe makosa manne. La tano, akaunti inafungwa. Yote manne niliyamaliza mimi. Basi, kusema kweli, mafunzo yangu yaliishia hapo.

Kuomba neno jipya haikuwezekana. Ujumbe ungetumwa kwenye simu yake, iliyokuwa imezama kwenye ndoo ya vanishi.

"Mzee wangu, uliliandika wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapumulia wapi. "Kwenye ubao."

Na ubao wenyewe ulikuwa umeshakuwa rafu ya tatu ya kabati la mkunga wa zahanati yetu.

Tukaenda. Mkunga alikuwa ametoka zamu, akafungua mlango macho mekundu. Fundi akaomba kuingia ndani ya kabati.

"Fundi, si uliniambia kabati hili halitaguswa miaka ishirini?"

"Siligusi, mama. Nalisoma tu."

Nguo zikatolewa. Mzee wa miaka sitini na saba akajilaza chali kabatini, miguu nje, tochi mdomoni. Halafu tukamsikia anacheka. Upande ule wa rafu hakuupiga randa, kwa sababu hauonekani. Ni uvivu mmoja wa maisha yake yote, na ndio uliomwokoa. Akalinakili neno lile kiganjani, akarudi mkono juu kama anayeapa mahakamani. Watu wakimpa mkono, anawapa kiwiko.

Dukani, mwenye kompyuta akataka kumwandikia. Mzee akakataa. "Kama ni kuharibu, niharibu mwenyewe."

Kidole kimoja. Herufi moja moja. Skrini ikazunguka, ikazunguka, ikafunguka. Akajaza mapato yake mstari kwa mstari, kisha akabonyeza kuwasilisha kama anayepigilia msumari. Ritani imepokelewa. Duka zima likapiga makofi. Saa tisa na nusu risiti ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu, nusu saa kabla ya zabuni kufungwa. Madawati mia mbili akayapata, yote. Mashine ya randa inanguruma mpaka leo. Kijana wake wa kwanza ndiye anayeiendesha.

Baada ya hapo alinunua daftari, akaandika hatua zote. Msusi, fundi viatu, mama wa mboga, aliwaketisha wote mbele ya kompyuta, wala hakuwabonyezea hata herufi moja.

"Mimi nilimwambia sitaki," anasema mjane. "Akaniuliza, 'Nikitangulia, utamwomba nani?' Mwaka huu nimejaza peke yangu, mwanzo hadi risiti."

Mama, watoto na wajukuu, poleni sana. Mtaa mzima unalia nanyi, na mtaa mzima una risiti.

Nasi tuliobaki tujiulize: ni jambo gani tunaliogopa kwa sababu hatujawahi kulishika kwa mikono yetu? Ritani zimebakiza siku tatu, wasikilizaji wapendwa. Msisubiri. Mimi yangu niliiwasilisha mwezi uliopita, nimetulia nyumbani, mguu juu ya mguu...

Samahani, mama anavuta kipaza sauti.

"Mwanangu, na ile tuliyohangaika nayo jana mezani kwangu ilikuwa ya nani?"