Bwawa Letu Limefunga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, sisi wanakikundi wa Hifadhi ya Samaki Bwawa la Namiti, huku mpakani mwa Nachingwea na Ruangwa, tunakukaribisha. Pole na matope. Nimepewa kusoma mimi, Mzee Lukumani, maana nimetembea kwingi na sioni haya kusema.

Tulikotoka

Zamani mto ukikatika, samaki walikimbilia bwawani, nasi tukawafuata na vyandarua na utupa, ile sumu ya majani. Tunashiba wiki, halafu mwaka mzima tunanunua dagaa wa mbali. Mvua zilipoanza kuchelewa, hata mbegu ya samaki ikawa inapotea. Tukakubaliana bwawa lifungwe kiangazi chote, hadi mvua zipite na samaki watage.

Neno hilo la kufunga lilituletea mambo. Sisi wenyeji tulielewa kama Ramadhani: bwawa limefunga, asile mtu. Wenzetu wafugaji waliotoka kanda ya ziwa wakaelewa kufunga kama zizi. Asubuhi tukakuta mmoja wao, Bwana Ngolo, baba yake Luka, kalizungushia miiba, mingine kaitumbukiza majini. Mwenyekiti wetu, Bi Saada, akamwuliza, "Baba Luka, bwawa nalo limekuwa ng'ombe wako?"

"Si mlisema lifungwe, mama? Hata ng'ombe wangu wako nje, wana kiu."

Tukacheka, tukamwachia njia ya kunyweshea.

Mafanikio

Miiba ile ndiyo mlinzi wetu. Nyavu za wezi zinachanika, vifaranga vya perege vinajificha humo. Mwaka jana tulipofungua, kila nyumba ilipika kambare, hata zile ambazo mahindi yalikaukia shambani.

Changamoto

Ni moja. Huko nyuma alikuja mkubwa mmoja, tukamfungulia bwawa kwa heshima. Kesho yake watu wakasema, yeye kavua, sisi je? Wakaingia, likaisha. Safari hii pia tumeambiwa tukuvulie. Tulibishana sana, Bi Saada akamaliza: "Mgeni tunampenda. Ila samaki wana mayai tumboni."

Maombi

Kwa hiyo, Mheshimiwa, leo utakula kunde na kuku wa Bwana Ngolo. Hatuombi bati wala gari. Tunaomba usimame uwaambie watu wa pande zote mbili za mpaka kwamba hata wewe umekuta bwawa limefunga, na umeridhika.

Siku ya kufungua, uje. Tutafuturu wote.

Mungu akupe afya, na mvua atupe za kiasi.

Ni sisi,
Kikundi cha Hifadhi ya Samaki, Bwawa la Namiti